Wepesi wa Fimbo, Wazito wa Njia

Katika mji wetu wa Butembo, sauti moja ya mtoto ikiita "Nyoka!" inatosha kukusanya mtaa mzima. Watu ambao jana hawakusalimiana kwa sababu ya mpaka wa kiwanja, leo wanabanana kwenye lango moja, huyu na jembe, yule na mti wa ufagio, mwingine na chupa ya petroli ya pikipiki. Mama aliyekuwa akisonga fufu anauacha mwiko sufuriani. Baada ya dakika chache nyoka ameshakufa mara nne, maana kila anayefika anataka naye apige pigo lake, kisha mzoga unaning'inizwa kwenye ua ili watoto wauone wakitoka shule. Nimeyaona hayo tangu utotoni mpaka leo nina mvi. Sijasikia bado mtu akiuliza, kabla ya pigo la kwanza: huyu ni nyoka gani?

Woga huo siulaumu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kwetu hata asiyewahi kuumwa amekua akisikia habari za shangazi aliyepoteza mguu shambani, au mjomba aliyebebwa kwenye machela usiku kucha na kufika alfajiri akiwa amekata roho. Mwanadamu ni mwoga, na woga umemlinda tangu enzi za mababu. Kinachonichosha ni kwamba sisi ni wepesi wa kushika fimbo na wazito wa kushika njia ya hospitali. Nyoka asiye na kosa tunamwahi kabla hajafika kwenye nyufa za ukuta. Mtu aliyeumwa na nyoka wa kuua tunamlaza chini nusu siku tukimtafutia jiwe linalosemwa kunyonya sumu.

Msogeleeni siku moja yule mzoga wa kwenye ua, wanangu, sasa kwa kuwa hauwezi kumdhuru mtu. Mara nyingi sana nakuta ni yuleyule. Rangi yake ni kahawia, ngozi ni laini na inang'aa, na ubavuni mwa kichwa ana mistari miwili myembamba ya rangi ya maziwa, mmoja unaopita juu ya jicho na mwingine chini yake. Wataalamu wanamwita Boaedon, na kwa Kiswahili cha kila siku ni nyoka wa nyumbani. Hana sumu hata tone. Mchana hujificha chini ya matofali, kwenye rundo la kuni au ghalani, na usiku hutoka kumfuata panya, akamzungushia mwili na kumbana mpaka akate pumzi. Amekuja kwenu kwa sababu panya wako kwenu, na panya wamekuja kwa sababu ya maharage yenu. Hilo tu.

Mkishamuua, sikilizeni gharama yake. Mwezi unaofuata unasikia mama akilalamika kuwa gunia la maharage limetobolewa pembeni, na mbegu za viazi zilizotunzwa kwa msimu ujao zimeng'atwa vichipukizi. Anakwenda sokoni kununua ile sumu ya panya inayouzwa kwenye vikaratasi bila jina, anaichanganya na unga, anaiweka kwenye kona, na kwenye kona hiyohiyo hupita kuku na watoto wanaotambaa. Jirani zetu wa Ituri, kule Mahagi na Aru, wanajua panya anaweza kuleta nini ndani ya nyumba: tauni haijawatoka mpaka leo, na inaingia mwilini kwa viroboto wa panya. Nyoka wa nyumbani alikuwa akiifanya kazi yake usiku bila mshahara. Tumemlipa kwa jembe.

Mtu ataniambia: mtoto wa nyoka ni nyoka, mzee. Naijua methali hiyo, na kwa mambo ya watu ina mahali pake. Lakini msituni na shambani haisaidii, kwa sababu nyoka hawakuumbwa wa namna moja. Mbuga ya Virunga peke yake ina zaidi ya aina 100 za wanyama watambaao. Mbelgiji Gaston-François de Witte aliizunguka kati ya mwaka 1933 na 1935, ilipokuwa bado ikiitwa Hifadhi ya Albert, akiokota vyura, mijusi na nyoka toka mabondeni mpaka milimani. Na wengi wa nyoka tulio nao hawawezi kumuua mtu. Yuko yule mdogo wa bustani za huku juu, mnene kidogo na mpole, anayejikunja akiguswa. Chakula chake ni konokono na makonokono uchi wanaokula kabichi na vitunguu vyetu. Yuko yule anayekaa ardhini kwenye udongo laini, mwenye macho ya kuonekana kwa shida na mkia butu, ambaye watu humwita nyoka wa vichwa viwili na kumkimbia. Huyo anakula mchwa na mayai ya siafu. Hana hata mdomo wa kukuuma kidole.

Kila mtaa una mwalimu wake wa nyoka, na kila mwalimu ana kanuni moja. Mmoja anasema mwenye kichwa cha pembetatu ndiye mwenye sumu. Mwingine anasema tazama jicho: mboni ya wima ni sumu, mboni ya duara ni salama. Wa tatu anakwenda kwa rangi. Wanafundisha kwa moyo mzuri, na ndiyo maana inauma kusema kwamba kanuni hizo zinaua. Fira wa msituni ana kichwa chembamba na jicho la duara. Yule wa jamii ya koboko anayeishi mitini huku kwetu, wa kijani mwenye mkia mweusi, naye ni hivyohivyo. Kifutu mdogo wa usiku, anayewinda vyura karibu na maji, ana kichwa cha mviringo na mboni ya duara ingawa ni kifutu kamili. Kwa upande wa pili, nyoka wa nyumbani asiye na sumu ana mboni ya wima, na yule mla mayai asiye na meno ya maana hutanua kichwa kiwe cha pembetatu na kusugua magamba yake yatoe sauti ya kutisha, akimwiga kifutu ili aachwe aende zake. Ukifuata kanuni ya mtaa utamuua mla mayai na kumchezea fira.

Rangi ya kijani ndiyo inayowaponza vijana zaidi. Ukukwi, wale wembamba wanaoteleza kwenye vichaka vya kando ya maji wakitafuta vyura, hawana madhara kwa mtu. Lakini kijani hichohicho anacho koboko wa mitini niliyemtaja, anacho pengine yule mwenye macho makubwa na kichwa kifupi ambaye watu wa Afrika Kusini wanamwita boomslang, na anacho kifutu wa vichakani wa nyanda zetu za juu, kijani kilichochanganyika na weusi. Huyu wa mwisho mjueni vizuri, ninyi mnaokata majani ya mbuzi. Si mwembamba. Magamba yake yamesimama na ni ya kukwaruza, kichwa ni kipana, shingo ni nyembamba, na hukaa amejikunja juu ya matete au mafunjo kwenye usawa wa mkono wa mtu anayekata. Tikiseni matete kwa mti mrefu kwanza, halafu ndipo mtie mkono.

Tena mahali pana sheria zake. Butembo iko juu, karibu mita 1,800, na baridi yake inapunguza wengi wa nyoka wakubwa. Beni ni mwendo wa kilomita 54 hivi tu, lakini unateremka, hewa inabadilika, na msitu unakuwa karibu. Vijana wetu wengi wameteremka kutafuta kakao kule Mbau, Oicha na Mutwanga, wakachukua miguu mitupu na mazoea ya milimani. Shamba la kakao lina kivuli, na chini yake kuna zulia la majani makavu yasiyofagiliwa. Hapo ndipo anapolala kifutu wa msituni. Nimewahi kuonyeshwa mmoja, hatua chache mbele yangu, na kwa muda mrefu sikumwona ingawa kidole cha mwenye shamba kilikuwa kinamwelekea: mwili mnene wa kahawia, zambarau na rangi ya mchanga, umepangika kama mkeka uliosukwa kwa ustadi, na kichwa kipana chenye mstari mmoja mwembamba katikati, nacho ni sura ya jani lililokauka. Hakutikisika. Huyo ana meno yanayoweza kufikia sentimita 5, marefu kuliko ya nyoka mwingine yeyote duniani, na bado ni mvumilivu mno. Anayeumwa naye kwa kawaida amemkanyaga au amemshika pamoja na fungu la majani.

Kwa hiyo maboti ya mpira kwanza, kabla ya redio na kabla ya simu mpya. Maganda ya kakao msiyarundike pale mnapokaa kupasua, maana rundo huita panya, na panya huita wanaomfuata. Anayeokota matunda yaliyoanguka atangulize fimbo. Hii ndiyo fimbo ninayoikubali. Na mkiteremka zaidi, kwenye tambarare ya Semuliki kuelekea Kasindi, kuna kifutu wa mbuga anayependa kulala njiani jioni, na swila anayetema sumu machoni. Aliyetemewa asisugue, aoshe macho kwa maji mengi safi, tena mengi, kisha aende kwa muganga wa hospitali.

Najua wasomaji wa Oicha na Mbau watanijibu: mzee, tangu Oktoba 2014 sisi tunakimbia panga na bunduki, nawe unatuhubiria habari za nyoka. Wana haki. Mtu anayetoka nyumbani usiku na mtoto mgongoni hawezi kuchagua njia yenye mwanga. Lakini vita hivyo vimetusogeza karibu na nyoka kuliko zamani. Familia zinalala chini kwenye madarasa na vibanda vya turubai, mahali panya wanapopita wakitafuta makombo. Mashamba yaliyoachwa miezi na miezi yameota magugu hadi kifuani, na mwenye shamba akirudi siku moja kwa hofu, anafyeka kwa haraka ili aondoke kabla ya jua kuzama. Ndugu zangu, hata katika haraka hiyo anzeni pembezoni, pigeni chini kwa mti, mpeni nyoka nafasi ya kuondoka. Ataondoka. Yeye pia hataki kukutana nanyi. Na ukilala chini, chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro au mkeka kinazuia mbu na kinamzuia nyoka pia.

Sasa nifike kwenye jiwe jeusi, na najua nitawaudhi watu ninaowapenda. Karibu kila kijiji kina mama mmoja au katekista anayelitunza kwenye kitambaa. Mtu akiumwa, anachanjwa kwa wembe, jiwe linabandikwa, linanata, na baada ya muda linaanguka. Watu wanasema limeshiba sumu. Jiwe hilo si jiwe. Ni kipande cha mfupa wa ng'ombe kilichochomwa mpaka kikawa cheusi. Kina vitundu vidogo vidogo, kwa hiyo kinanata penye damu mbichi, na kikijaa maji kinaachia. Sumu imeshaingia mwilini zamani, na mfupa hauwezi kuirudisha.

Hapo utasikia: lakini fulani alibandikwa akapona! Ni kweli alipona, na sababu yake ndiyo ninayoirudia kila mwaka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wanaoumwa na nyoka wanaweza kufika milioni 5.4 kwa mwaka, na wanaoingiwa na sumu ni kati ya milioni 1.8 na milioni 2.7. Maana yake, nusu yao au zaidi waliumwa na nyoka asiye na sumu, au na mwenye sumu ambaye hakuitoa siku hiyo. Hao wangepona hata kwa kubandikwa ndizi. Nyoka wa nyumbani na ukukwi, wale tunaowaponda kila siku, ndio waliolijengea jiwe jeusi jina lake zuri. Halafu siku fira anapouma kweli, tunaliamini jina hilo, na saa zinapita. Kope zinaanza kulegea, mtu anaona viwili viwili, mate yanamshinda kumeza, kisha pumzi. Na kwa kifutu, mguu unavimba mpaka ngozi inang'aa, malengelenge yanatoka, ufizi unavuja damu. Kutowajua nyoka kumetufanya tumuue asiye na hatia na tumkabidhi mgonjwa kwa asiye na dawa.

Wala elimu peke yake haimwokoi mtu. Karl Schmidt wa Chicago alikuwa miongoni mwa wajuzi wakubwa wa nyoka wa wakati wake. Mwaka 1923 alichapisha kitabu juu ya nyoka wa Kongo hii yetu, kutokana na vielelezo vilivyokusanywa na msafara wa Wamarekani waliofanya kazi kaskazini-mashariki kati ya 1909 na 1915. Mnamo Septemba 1957 alishikilia boomslang mdogo aliyeletwa atambuliwe, naye akamuuma kidole gumba. Aliona nyoka ni mdogo na jino lililoingia ni moja, hakwenda kutibiwa, akakaa akiandika dalili zake moja baada ya nyingine. Asubuhi iliyofuata alijiona ana nafuu. Alasiri yake alikufa, damu imemvuja ndani. Sumu ya nyoka huyo huchelewa, humwacha mtu akila na kuzungumza. Kama mzee aliyewaandika nyoka wetu kitabuni alidanganywa na ile nafuu ya asubuhi, sisi ni nani tuseme "ngoja tuone mpaka kesho"?

Basi mtu akiumwa, mwacheni nyoka aende. Msimfukuze: wengine huumwa mara ya pili hapo hapo, au anaumwa wa pili aliyekuja kusaidia. Mkiweza kumpiga picha kwa simu mkiwa mbali, vizuri. Msipoweza, daktari atatibu kwa dalili. Na msimshike kwa shingo kwa kujionyesha, kwa kuwa yuko nyoka mdogo mweusi wa kuchimba ardhi ambaye hachomi mbele, jino lake hutokea ubavuni mwa mdomo uliofungwa na kumpata anayedhani amemdhibiti. Vueni pete, bangili na viatu vya mgonjwa kabla uvimbe haujaanza. Fungeni ubao kwenye mguu au mkono ule, namna mnavyofunga mfupa uliovunjika, usichezecheze. Msikaze kamba; kamba huozesha kiungo ambacho sumu yenyewe ingekiacha. Msichanje, msinyonye, msimpe pombe ya kasiksi wala mafuta ya mawese anywe. Akitapika au akilegea, alazwe ubavu.

Asitembee, na zaidi sana asikimbie. Itwe pikipiki. Mgonjwa akae katikati, dereva mbele, mtu mwenye nguvu nyuma akimkumbatia asianguke wala asijitikise. Kule Nepal walipanga hivyo, wakawapa vijana wa vijijini wenye pikipiki jukumu la kuwakimbiza walioumwa, na vifo vikapungua sana. Sisi Butembo na Beni tuna wamotari katika kila njia panda. Nauli isijadiliwe kwanza, familia italipa.

Ebola ilipokuwa huku kwetu mashariki, toka 1 Agosti 2018 mpaka 25 Juni 2020, ilizika watu 2,287, na wengi tuliogopa hospitali kuliko ugonjwa wenyewe. Hofu hiyo haijaisha mioyoni, naielewa. Lakini dawa ya kweli ya sumu ya nyoka hutolewa kwa sindano kwenye mshipa, mtu akiangaliwa, kwa sababu inaweza kuamsha mzio mkali. Haiwezi kukaa kwenye kitambaa cha mtu nyumbani. Tena haipatikani kila mahali. Kampuni ya Sanofi iliacha kutengeneza moja ya dawa zilizotegemewa sana Afrika mwaka 2014, na chupa za mwisho ziliisha muda wake Juni 2016. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, na limeahidi kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Ahadi hiyo haijafika kwenye kila friji la kituo cha afya cha kijijini.

Kwa hiyo waulizeni sasa, mchana, mkiwa wazima. Viongozi wa ushirika wa kakao, walimu wakuu, wachungaji, wakuu wa mitaa: nendeni kwenye kituo chenu mkaulize kama dawa ipo, ni ya nyoka gani, imehifadhiwa kwenye friji lenye umeme au la, na kama haipo ni hospitali ipi ya karibu inayo. Ulizeni pia kama hospitali hiyo ina mashine ya kusaidia mtu kupumua na damu ya kuongezea, kwa sababu kwa nyoka wengine, akiwemo kifutu wetu wa kwenye matete, hakuna dawa yao maalumu na mgonjwa anaokolewa kwa hivyo viwili. Jina la hospitali na namba ya motari mmoja mwaminifu viandikwe kwa makaa kwenye ukuta wa ghala, pale kila mvunaji anapoweka kikapu chake. Mavuno yajayo hayako mbali.